Kupamba chumba cha kupanga kwa pesa kidogo: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepanga chumba kimoja: mita 3 kwa mita 3, kuta za matofali ya saruji, dirisha moja lenye nondo, taa moja katikati ya dari. Vyumba vya aina hii vimejaa Manzese, Tandika na Mbagala, Dar es Salaam, na anayeishi Mwanza au Mombasa atajiona humu bila taabu.

Wanaoniomba ushauri karibu wote wamekwama palepale. Walianza na wolpepa ya kubandika, wakaongeza mkanda wa taa za rangi na zulia la manyoya. Masika yakaingia, wolpepa ikabanduka kona kwa kona, zulia likaanza kunuka, na pesa ikawa imekwenda. Vitu vyenyewe havina ubaya. Tatizo ni kwamba vilinunuliwa kabla ya kazi iliyotakiwa kutangulia.

Anayeingia chumbani kwako huona vitu vinne kabla ya vingine vyote: ukuta, dirisha, kitanda na mwanga. Hivyo vinne vikikaa sawa, chumba kimependeza hata bila ua moja la plastiki. Vikiwa hovyo, hakuna pambo litakaloviokoa. Kwa hiyo pesa ianzie hapo, na mapambo yasubiri zamu yake.

## Vitu vya kuandaa

Vya ukuta
- Rangi ya maji, galoni 2 za lita 4 (hesabu iko hatua ya 4)
- Rola moja na trei yake, brashi ya inchi 2
- Msasa wa kati na msasa laini, kikwangua rangi
- Unga wa jipsamu kilo chache, wa kuzibia nyufa na matundu
- Tepu ya karatasi, magazeti au maturubai ya kutandika chini

Vya dirisha
- Bomba la pazia na vishikio vyake
- Skrubu na plagi za plastiki za ukutani
- Kitambaa cha pazia na shiya (kitambaa chepesi cha nyuma ya pazia), au mapazia ya mtumba

Vya kitanda na mwanga
- Jozi mbili za mashuka ya rangi moja, foronya nne
- Chandarua
- Balbu mbili za LED, na taa ndogo ya pembeni

Vya kuazima
- Drili, ngazi, tepu ya kupimia. Usinunue drili kwa ajili ya matundu manne. Fundi wa mtaani atakutobolea kwa bei ya soda kadhaa.

Mgawanyo wa pesa ninaoupendekeza ni huu. Katika kila shilingi 100,000 uliyonayo, weka 40,000 kwenye ukuta, 25,000 kwenye dirisha, 20,000 kwenye kitanda, 10,000 kwenye mwanga, na 5,000 ibaki mfukoni kwa ajili ya skrubu iliyopotea na brashi iliyopukutika manyoya. Mkeka, kioo na mito ya mapambo havimo kwenye hesabu hii. Hivyo ni vya mwezi unaofuata.

Kama huna hata hiyo laki, fanya hatua tatu za kwanza. Nyingi ya kazi zake zinataka mikono tu, na tofauti itaonekana.

## Hatua ya 1: Ongea na mwenye nyumba

Kabla hujagusa ukuta, mtafute baba au mama mwenye nyumba. Wapo wapangaji waliopaka rangi wakaambiwa warudishe ilivyokuwa, na wapo waliotengeneza chumba kikang'aa kisha kodi ikapandishwa. Yote mawili yanazuilika kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Wakati mzuri ni siku chache kabla ya kulipa kodi ya miezi mitatu au sita, kwa sababu hapo anakusikiliza. Sema wazi: "Shikamoo mama. Naomba ruhusa nipake rangi chumba changu, rangi ya krimu, gharama ni yangu. Nitatoboa matundu manne ya pazia, na nikihama nitayaziba. Naomba tu kodi ibaki ilivyo kwa mwaka huu." Kama bati linavuja au bomba la maji linachuruzika ndani ya ukuta, litaje siku hiyohiyo. Hilo ni la kwake kutengeneza, na rangi yako haitadumu wiki kadhaa kama halijatengenezwa.

Mkishaelewana, mtumie ujumbe wa simu unaorudia mlichokubaliana, naye ajibu. Ukishakuwa na jibu lake kwenye simu, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 2: Toa vitu nje, kisha pima

Toa kila kinachobebeka. Usisogeze vitu kona hii kwenda ile. Vitoe kabisa, mpaka chumba kibaki na kitanda tu. Kabla ya kuanza, simama mlangoni upige picha kwa simu. Macho yameshazoea fujo, lakini picha huonyesha waya unaoning'inia, misumari ya kutundikia nguo nyuma ya mlango, na ndoo tatu zilizopangana pale kona.

Wakati wa kutoa, tenga mafungu mawili: unachotumia na usichokigusa tangu ulipohamia. Fungu la pili lisirudi ndani. Uza, gawa, peleka nyumbani kwa wazazi. Chumba cha mita 3 kwa 3 hakina nafasi ya kutunza redio mbovu.

Sasa pima na uandike: urefu wa kila ukuta, kimo kutoka sakafuni hadi darini, upana na urefu wa dirisha, upana wa mlango na upande unaofungukia. Ukienda dukani bila namba hizi, utauziwa bomba fupi na kitambaa kisichotosha, na nauli ya kurudi ni yako.

## Hatua ya 3: Chunguza ukuta kabla ya kuupaka

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rangi na wolpepa hushika kwenye kile kilicho juu ya ukuta. Kama kilicho juu ni vumbi, vinashika vumbi, na vumbi likidondoka vinadondoka nalo. Fanya majaribio manne.

Kiganja. Pitisha kiganja kikavu ukutani ukikandamiza. Kikitoka cheupe, ukuta umepakwa chokaa au rangi hafifu iliyochakaa. Kwangua sehemu zote zilizolegea, piga msasa, futa kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya chokaa inayopukutika, itabanduka kama ganda la yai.

Spiriti. Lowesha pamba kwa spiriti, sugua sehemu moja kwa muda. Rangi ikilainika na kutoka kwenye pamba, ni rangi ya maji, unaweza kuendelea. Isipotoka, huenda ni rangi ya mafuta. Juu ya mafuta rangi ya maji haishiki mpaka uukwaruze ukuta kwa msasa hadi mng'ao uishe, kisha upake praima, yaani rangi ya msingi. Onyo: rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha ukuta unapopiga msasa, vaa barakoa, na watoto wakae mbali mpaka umedeki.

Nailoni. Kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, karibu na sakafu, ukiache siku nzima na usiku wake. Matone yakitokea ndani, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani wenyewe. Yakitokea nje, ni unyevu wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni kufungua dirisha zaidi.

Macho. Tafuta madoa meusi ya fangasi na unga mweupe wa chumvi, hasa chini, sentimita chache kutoka sakafuni.

Fangasi huondolewa kwa jiki: kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, paka, acha dakika kumi, sugua, suuza. Vaa glavu na ufungue mlango na dirisha. Usichanganye jiki na siki, wala na dawa yoyote ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuumiza mapafu vibaya ndani ya chumba kidogo.

Chumvi nyeupe ifagie kwa brashi kavu. Watu huiosha kwa maji na kesho yake imerudi, kwa sababu maji huiyeyusha ikaingia tena ndani ya plasta.

Kama unyevu unapanda kutoka chini ya msingi, hakuna rangi ya dukani itakayouzuia, na wolpepa ya plastiki itaufungia ndani mpaka ukuta uoze. Ukuta wa namna hii unataka kupumua, na kinachoupa nafasi hiyo kwa bei ndogo ni chokaa. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe Zanzibar na za Lamu zimepigwa chokaa kwa karne nyingi, na moja ya faida zake ni hiyo: unyevu unatoka nje badala ya kukwama. Kwangua rangi yote ya zamani ukutani hapo mpaka ufike kwenye plasta, lowesha kidogo, kisha paka chokaa nyepesi mara tatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Vaa glavu na miwani. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, na ikikuingia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo kisha uende hospitali.

Nyufa na matundu ya misumari yaliyobaki yazibe kwa unga wa jipsamu uliokorogwa mzito kama uji wa mtoto mkubwa. Koroga kidogo kidogo maana unaganda haraka. Ukikauka, piga msasa laini. Kama chumba ni kipya na plasta ni mbichi, subiri siku 28 ikauke na kukomaa kabla ya rangi yoyote.

Ukuta uliotibiwa unaujua hivi: unapitisha kiganja na kinatoka safi, unafumba macho ukipapasa mahali palipokuwa na ufa na hupapati.

## Hatua ya 4: Paka rangi

Hesabu ya rangi. Kuta nne za mita 3 zenye kimo cha mita 2.7 ni 12 × 2.7, yaani mita za mraba 32.4. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 29. Kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 58. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 6 hivi. Galoni mbili zinakutosha na kubakiza. Ukuta wa plasta ya mchanga unanyonya zaidi, nao utaimaliza akiba hiyo. Soma pia kopo, kila kiwanda huandika kiasi chake.

Rangi gani? Kwa chumba kidogo chenye dirisha moja, ninashauri krimu, nyeupe ya maziwa, au kijivu hafifu chenye joto kidogo. Rangi hizi zinarudisha mwanga ndani. Ukitaka rangi nzito, kama kijani kibichi kilichoiva au bluu ya usiku, ipake ukuta mmoja tu, ule wa kichwani mwa kitanda, na lita 2 zitatosha. Sipendekezi kuta nne za rangi nzito kwa mtu mwenye balbu moja. Mchana utajikuta unawasha taa.

Usichague kwa karatasi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka maboksi mawili makubwa, moja liegemeze karibu na dirisha na jingine kona ya giza. Yatazame asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa ikiwaka. Krimu nyingi zinageuka njano kali usiku.

Utaratibu wa kupaka:

1. Funga swichi na soketi kwa tepu ya karatasi, baada ya kuzima umeme kwenye swichi kubwa. Tandika magazeti.
2. Anza na dari kama utaipaka, kisha kuta. Matone huanguka chini, kwa hiyo kazi ya juu itangulie.
3. Kwa brashi, chora kingo: pembeni mwa dari, konani, kuzunguka dirisha na mlango. Fanya ukuta mmoja kwa wakati.
4. Kabla kingo hazijakauka, ingia na rola. Piga umbo la herufi M, kisha jaza katikati bila kuinua rola. Ukiacha sehemu ikauke halafu uirudie, utaona mstari.
5. Subiri kwa saa 4 kabla ya mkono wa pili. Machi mpaka Mei, hewa ikiwa na unyevu, subiri hadi kesho yake. Kama unaweza kuchagua, fanya kazi hii kati ya Juni na Septemba.
6. Ondoa tepu rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, ukiivuta taratibu kwa mshazari.

Usiongeze maji zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye kopo. Rangi iliyozidishwa maji inaonekana nafuu siku hiyo, lakini utapaka mara nne badala ya mbili na ukifuta kwa kitambaa itatoka.

Ukimaliza, washa tochi ya simu uiweke pembeni kabisa ya ukuta, mwanga ukitambaa juu yake. Usipoona mistari ya rola wala mabaka, kazi ni nzuri. Lala kwa jirani au ndugu usiku huo, dirisha likiwa wazi.

## Hatua ya 5: Badilisha mwanga

Ni hatua ya bei ndogo na mabadiliko makubwa, na wengi huiruka.

Balbu nyingi za duka la Mangi pale mtaani ni za mwanga mweupe wa kibuluu, ule wa hospitali. Kwenye boksi utakuta namba yenye herufi K. Namba 6500K ni nyeupe ya kibuluu. 2700K au 3000K ni ya kimanjano tulivu, na ndiyo ya chumba cha kulala. Muuzaji akikwambia hana, waulize wauza vifaa vya umeme Kariakoo.

Kwa mita 3 kwa 3, balbu ya LED ya wati 9 inatosha juu. Mwanga wake ni sawa na wa ile balbu ya zamani ya wati 60. Ukiwasha kwa saa 5 kila siku, ya wati 60 inakula uniti 9 za Luku kwa mwezi, na ya wati 9 haifiki hata uniti moja na nusu.

Ongeza mwanga wa pili wa chini, kando ya kitanda. Taa moja ya darini huangaza kila kitu sawasawa na kukifanya chumba kionekane bapa. Taa ya pembeni, hata kama umeifunika kwa kikapu cha ukindu kilichotobolewa, huleta vivuli na utulivu. Kikapu kitumike na LED tu, kwa sababu balbu za zamani zinapata joto la kuweza kuchoma, na hata hiyo LED isigusane na ukindu. Waya usipite chini ya mkeka, na ekstensheni moja isibebe pasi, feni na jagi la kuchemshia maji kwa pamoja.

## Hatua ya 6: Dirisha na mapazia

Kosa ninaloliona kila nyumba: bomba limefungwa juu kidogo tu ya dirisha, pazia linaishia kwenye kizingiti cha dirisha. Chumba kinaonekana kifupi. Kitambaa kilekile kikipandishwa juu na kushushwa hadi chini, dari inaonekana imeinuka.

Vipimo ni hivi. Bomba likae kama sentimita 20 chini ya dari, na lipite dirisha kwa sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na dirisha libaki wazi kabisa. Pazia liishe sentimita 1 juu ya sakafu. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya bomba, ndipo mikunjo inapatikana. Pazia lililonyooka kama turubai halina uzuri hata kitambaa kiwe cha bei gani.

Tufanye hesabu. Dirisha lina upana wa sentimita 120, kwa hiyo bomba ni 160, na kitambaa kinachotakiwa ni upana wa 320. Vitambaa vya upana wa sentimita 150 viwili vinakupa 300, vinakaribia vya kutosha. Kutoka kwenye bomba hadi sakafuni ni 250, ongeza 20 za pindo za juu na chini, inakuwa 270. Mara mbili ni mita 5.4. Nunua mita 6 na ukifue kabla ya kukipeleka kwa fundi cherehani, maana kitambaa cha pamba hupungua kikifuliwa, na pazia lililopungua baada ya kushonwa halirefushwi.

Kama pesa ni ngumu, nenda soko la Mchikichini la Dar es Salaam, pale tunapopaita Karume, asubuhi mabelo yanapofunguliwa. Mapazia ya mtumba mara nyingi yana bitana, ni mazito, na yanaanguka vizuri. Yakague hivi: likunjue lote, liinue kuelekea jua utafute matundu, kisha lishike kwa mikono miwili karibu na ukingo ulivute taratibu. Kitambaa kilicholiwa na jua kitalia na kuanza kuchanika hapohapo. Kama ni mawili, yapime urefu. Jozi nyingi za mtumba hazilingani.

Rangi ya pazia iwe inakaribiana na ya ukuta, nzito kidogo tu. Shiya nyeupe nyuma yake ni ya mchana, kwa faragha na upepo.

Onyo la kutoboa: nyaya za umeme kwa kawaida hushuka wima au kwenda mlalo kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe juu wala chini yake moja kwa moja, na usitoboe ukuta ambao bado unaweza kuwa na umeme. Tumia drili ya betri na uzime swichi kubwa. Weka plagi ya plastiki ndani ya tundu kisha skrubu. Msumari mtupu kwenye plasta utalegea pazia zito likivutwa mara kadhaa.

Likining'inia, vuta pazia kwa nguvu kidogo. Bomba halitikisiki, kitambaa hakigusi maji unapodeki: umemaliza.

## Hatua ya 7: Kitanda

Kitanda kikae katikati ya ukuta usio na dirisha, kikitazama mlango au kikiwa pembeni yake. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa sentimita 152. Kwenye ukuta wa mita 3 kinakuachia sentimita 74 kila upande, nafasi ya kutosha mtu kupita na stuli ndogo ya taa. Cha 6 kwa 6 kinaacha 58, bado unapita. Kama ukuta una unyevu, kivute sentimita 10 mbele hewa ipite.

Mashuka yawe ya rangi moja: meupe, krimu, au bluu iliyofifia. Maua makubwa ya rangi saba hugombana na pazia na ukuta, na macho hayapati pa kupumzika. Kama unataka maua, yawe kwenye foronya mbili tu.

Shuka za pamba za mtumba huzishinda nyingi mpya za bei ndogo. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, utenge mbali na kitambaa, uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kubaki jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kipira kigumu cheusi. Kisha papasa katikati ya shuka, pale mtu anapolala: pakiwa pembamba kuliko pembeni, irudishe. Zikifika nyumbani, ziloweke kwa maji ya moto na sabuni, zifue, zianike juani, zipigwe pasi. Shuka iliyopigwa pasi na kuchomekwa vizuri chini ya godoro inafanya nusu ya urembo wa kitanda.

Chandarua kwetu ni lazima, basi kiwe sehemu ya pambo. Chagua cheupe, kirefu cha kufika sakafuni, kitundike katikati kabisa ya kitanda, na mchana ukifunge kwa utepe wa kitambaa cha pazia kilichobaki. Chandarua chenye dawa kisifuliwe kwa jiki, na kianikwe kivulini, la sivyo dawa inaisha mapema. Udi na mshumaa vikae mbali nacho.

## Hatua ya 8: Rudisha vitu, ukivificha

Hapa tunarudisha vilivyotolewa hatua ya 2. Kila kinachorudi kiwe na mahali pake, na pawe pamefunikwa.

Mabegi na nguo za msimu viende chini ya kitanda, shuka ya juu ishuke kuvifunika. Misumari ya nyuma ya mlango ing'olewe. Nguo za kila siku ziingie kwenye kabati la kitambaa au kwenye bomba la nguo lenye pazia mbele, lililoshonwa kwa kitambaa kilekile cha dirishani. Rangi ikirudiwa hivyo, kona ya nguo haionekani tena kama stoo.

Kama unapikia humohumo, tenga kona ya karibu na mlango au dirisha kwa vyombo, na uipe rafu moja ya mbao. Mtungi wa gesi usiufiche nyuma ya pazia wala chini ya kitanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa na kujikusanya sakafuni, ikingoja cheche. Mtungi ukae mahali penye upepo, mbali na kitambaa chochote, na kama kuna kibaraza, upike huko.

Piga tena picha ukiwa mlangoni, uilinganishe na ile ya kwanza. Kinachokukera kwenye picha mpya ndicho kisichokuwa na mahali pake bado.

## Hatua ya 9: Sasa mapambo

Mwezi umepita, una pesa kidogo tena. Nunua kimoja kimoja, kwa mpangilio huu.

Mkeka wa ukindu. Ninautanguliza mbele ya zulia la manyoya, kwa hali ya hewa ya pwani. Ni mwepesi, wa baridi miguuni, unafagilika. Uingize theluthi mbili chini ya kitanda, theluthi moja itokeze mbele. Uinue kila wiki uuanike juani kidogo, kwa sababu sakafu ya saruji ina unyevu na mkeka usioinuliwa hushika ukungu upande wa chini.

Kioo kirefu. Kiegemeze ukuta unaopakana na dirisha ili kiokote mwanga wa mchana. Kifunge kwa skrubu juu kama kuna mtoto.

Khanga. Huna haja ya kununua picha za kuchapwa. Doti moja ina khanga mbili: moja ishonwe mito ya mapambo, ukijaza sufi, na nyingine ibaki ya ukutani. Mwambie fundi akate kwa akili. Mji, yaani ule mchoro wa katikati, ukae katikati ya mto. Pindo liende kingoni. Ile ya ukutani iwambe nzima kwenye fremu ya mbao za inchi 1 kwa 2, jina, yaani yale maandishi ya khanga, likisomeka chini. Chagua jina unaloweza kuamka nalo kila siku. Majina ya kumpiga mtu kijembe yanachosha haraka chumbani. Rangi za khanga hiyo ndizo ziwe rangi ya tatu ya chumba, baada ya ukuta na pazia, na ziishie hapo.

Kitu kingine chochote, wolpepa, maua, taa za mkanda, kitafute nafasi baada ya hivi vitatu. Wengi wakifika hapa hawavitaki tena.

## Ukihama

Bomba, mapazia, balbu, chandarua, mkeka, kioo na khanga vyote vinaondoka na wewe. Rangi pekee ndiyo inayobaki. Ng'oa skrubu, ziba matundu kwa jipsamu, piga msasa. Rangi iliyobaki uihifadhi tangu mwanzo kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, ukaandika juu yake jina na namba ya rangi, maana hiyo ndiyo utakayogusia juu ya matundu kabla ya kurudisha funguo.